Maji ya Moyo wa Nanasi

Jumapili, 3 Machi

Siku ya kumi na tisa! Nimeolewa siku kumi na tisa, na bado nikisikia mtu anaita "mke wa Milimita" nageuka nyuma kumtafuta huyo mke. Kumbe mimi!

Daftari hili ni zawadi ya harusi kutoka kwa wenzangu wa meza namba tatu kiwandani. Ukurasa wa kwanza wameandika: "Andika raha zako, shida zitajiandika zenyewe." Basi naandika raha. Nianzie wapi?

Nianze na dirisha. Tuna vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama mkwe, na dirisha la chumba chetu kaliweka mwenyewe. Mume wangu ni fundi vioo. Jina hilo la Milimita wamempa mafundi wenzake, kwa sababu hapimi kwa sentimita, anasema sentimita ni za maseremala. Kioo chetu kimekaa kwenye fremu yake kama yai kwenye ganda. Leo asubuhi amekipulizia pumzi kikapata ukungu, akaandika jina langu kwa kidole cha shahada. Halafu akachora moyo. Halafu akaupima ule moyo kwa futi yake ya mfukoni, akasema upande wa kushoto umezidi milimita mbili, akaufuta, akaanza upya. Nilicheka mpaka wifi yangu akagonga ukuta.

"Nyie fungate yenu haiishi? Wengine tunataka kulala Jumapili!"

Wifi ni dada yake mkubwa, tunakaa ukuta kwa ukuta. Ana mdomo kama wembe. Lakini mimi hata wembe sasa hivi naona unang'aa vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Mashine ya kidole imenikataa tena leo. Mara nne! Kiwandani tunaingia kwa kuweka kidole gumba kwenye kile kijimashine cha mlangoni, kikikutambua kinalia tii. Mimi kinalia bzzz. Mlinzi akasema, "Dada, mashine inasema wewe si mtu." Nikamwambia sawa, mimi malaika.

Ni nanasi. Sisi wa meza za kukata, maji ya nanasi yanaingia kwenye glovu, glovu zenyewe zinachanika kabla ya saa nne, na yale maji yanakula ngozi. Ncha za vidole vyangu ni laini kama mgongo wa kijiko. Hazina mstari hata mmoja. Msimamizi wetu, tunamwita Mama Saa, ana miaka kumi na saba mezani. Anasema sisi tukiiba benki hatukamatwi milele. Akaniandikia jina kwa mkono.

Nilimweleza Milimita jioni. Akavishika vidole vyangu kimoja kimoja, akasema, "Vioo hivi. Nilioa fundi mwenzangu bila kujua." Jamani! Mtu atasemaje neno kama hilo halafu aende kuoga kama vile hakusema kitu?

Jumatano, 6 Machi

Siwezi kuandika sana.

Kioo cha duka la viatu. Kirefu kuliko mtu. Walikuwa wawili wanakiinua, kishikio kimoja kikaachia. Mwenzake karuka pembeni. Yeye kainua mkono kukizuia. Mwenzake analia huku anasimulia: mtu yeyote angekimbia, lakini Milimita hajawahi kuacha kioo kianguke.

Mkono wa kulia. Kiganja mpaka karibu na kiwiko cha mkono. Hospitali wamesafisha, wameshona ngozi, wamefunga gango.

Shati lake jeupe la harusi—ndilo alilokuwa amevaa. Nilimwambia asilivae kazini. Akasema anataka wateja wajue kwamba ameoa.

Ijumaa, 8 Machi

Leo tumemwona daktari wa mikono. Ni mwanamume mfupi, anaongea polepole. Kafungua bendeji. Ee Mungu! Mkono umevimba kama mkate uliokaa sana kwenye maji. Umepauka, unang'aa, na pale kwenye mshono pana usaha.

Akamwambia, kunja vidole. Vitatu vikakunjwa. Viwili, cha shahada na cha kati, vikabaki vimesimama tu, kama wageni wasiokaribishwa.

Daktari akaeleza, na mimi niliandika kila kitu nyuma ya kadi. Kano mbili zimekatika. Kano ndiyo kamba inayovuta kidole. Ikikatika haikai pale pale, inarudi nyuma ndani ya mkono, kama mpira wa suruali ukikatika. Kila siku inajikunja zaidi. Lazima afungue aziunganishe, na isipite wiki ya tatu, maana baada ya hapo hazitafika tena. Lakini hawezi kufungua mkono wenye usaha na uvimbe. Uvimbe kwanza ushuke.

"Na usiposhuka?" Milimita kauliza.

"Utakuwa na mkono. Ila vidole viwili vitakuwa mapambo."

Mume wangu alicheka kwa heshima. Mimi ninakijua kicheko chake. Hicho hakikuwa chake.

Kaandikiwa antibayotiki, na vidonge vingine vya rangi ya njano vya kusaidia uvimbe. Dirishani kwa mfamasia nikauliza hivi vya njano ni nini. Mama mmoja mpole, miwani kwenye kamba. Akasema ni vimeng'enya. Nikasema vile vya kidato cha tatu, vya kusaga chakula tumboni? Akafurahi! Akasema ndivyo, na hivi ukivimeza tumbo likiwa tupu, vingine vinapita kwenye damu vinakwenda kwenye jeraha, vinasaidia kusafisha mabaki ya nyama iliyokufa na maji yaliyotuama, ili mwili ujenge nyama mpya. Ukivimeza na chakula vitashughulika na chakula. Kwa hiyo saa nzima kabla ya kula. Vimezwe vizima, visitafunwe.

"Lakini mwanangu sikiliza. Hivi ni wasaidizi. Wengine vinawafaa, wengine hatuoni tofauti. Antibayotiki ndiyo mwenye nyumba, usije ukaiacha."

Nikauliza vinatengenezwa kwa nini. Akasema vipo vya aina nyingi, ila hivi vinatolewa kwenye nanasi. Kwenye shina, na kile kigumu cha katikati.

Nikacheka pale pale dirishani, watu wote wakageuka! Kile kigumu cha katikati mezani kwetu tunakiita moyo. Tunaichomoa mioyo elfu na elfu kila siku, tunaitupa kwenye pipa la kwenda kwa wafuga ng'ombe. Na dawa ya mume wangu imo humo!

Mapenzi yana njia zake. Nimeyaona leo.

Jumapili, 10 Machi

Saa kumi na mbili kamili kidonge. Saa moja kamili chai. Ninasimama naye na glasi ya maji kama nesi, namwangalia koo mpaka kipite. Yeye anasema hata benki hailindwi hivi.

Siku mbili, sijaona tofauti. Usaha umepungua, hilo kweli. Uvimbe upo vile vile. Nimefunga uzi kwenye kiganja chake juu ya vifundo, nikaweka alama, kila asubuhi napima. Milimita anapimwa!

Leo alijaribu kuandika jina langu dirishani kwa mkono wa kushoto. Herufi zikatoka zimelala. Akafuta haraka, nikajifanya nilikuwa natandika kitanda.

Wifi kaingia bila hodi, kama kawaida yake. "Bi harusi, nasikia umekuwa daktari. Mwaka huu tutaona mengi." Halafu akasema kwa sauti ya chini, hakutaka ndugu yake asikie: baba yao alikuwa fundi vioo pia. Alipokosa kazi alikaa kwenye kiti kile cha uani miaka minane. Akaniangalia. "Mdogo wangu asikae kile kiti. Umenisikia?"

Nimemsikia.

Mama mkwe hasemi sana. Ananiita "mwali." Anapika uji, anauacha mlangoni.

Jumanne, 12 Machi

Nimefanya jambo!

Jana niliomba kwa Mama Saa mioyo ya nanasi. Akasema chukua hata pipa, una ng'ombe? Nikasema nina mume. Meza nzima ikaangua kicheko. Nikabeba ndoo ndogo.

Nyumbani nikaiosha, nikaikatakata, nikaitwanga kwenye kinu, nikaichuja kwa kitambaa. Nikapata lita moja ya maji ya njano yenye povu. Nikayachemsha vizuri, maana kiwandani tumefundishwa: kisichochemshwa ni mashaka. Akanywa. Akasema tamu.

Leo sasa, wakati wa chai ya saa nne, nikamwuliza mpimaji wetu wa ubora, yule kijana mwenye koti jeupe anayependa kuulizwa maswali. Nikamwuliza kwa nini nanasi bichi linauma ulimi na la kopo haliumi. Akasema ni kimeng'enya. Nanasi bichi linakula ulimi wako wakati wewe unalila. La kopo limepikwa, moto umekiua.

Kumbe jana nilimpa mume wangu maji matupu yenye sukari! Nimekiua mwenyewe kwenye sufuria!

Basi leo sikuchemsha. Nimetwanga, nimechuja, nimempa mbichi. Nusu lita asubuhi kesho, nusu lita jioni, tumbo tupu, kama vidonge. Leo jioni alivuta pumzi akasema, "Mke wangu, hii inauma." Nikaruka kwa furaha. Inauma! Ipo hai!

Alhamisi, 14 Machi

UMESHUKA!

Nimepima mara tatu. Uzi unazunguka na unabaki kipande cha upana wa kidole! Ngozi juu ya kiganja imekunjamana kama shuka baada ya kulala. Nimelia. Milimita kachukua uzi akaupima kwa futi yake. Milimita kumi na nne. "Sijawahi kupenda tarakimu hivi," akasema.

Tukaenda hospitali. Daktari wa mikono akaubonyeza mkono, akautazama kwenye mwanga, akasema vizuri, vizuri sana, antibayotiki imefanya kazi. Mimi nikajiambia moyoni, na wengine pia, daktari, na wengine pia. Nilitaka kumwambia. Lakini madaktari ukiwatajia vitu vya nyumbani wanakuangalia kwa jicho lile.

Operesheni Jumatano tarehe ishirini. Wiki mbili kamili tangu siku ile. Ndani ya muda!

Akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu: vidonge vya njano, mwisho Jumamosi jioni. Siku tatu kabla ya kisu, kisionekane hata kimoja. Nikauliza kwa nini. Akasema vinafanya damu iwe nyepesi kidogo, na yeye anataka damu inayojua kuganda. "Antibayotiki endelea. Hivi vya njano, acha. Tumeelewana?"

Tumeelewana.

Jioni wifi alikuja, akaona mkono. Akasema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini wewe naona kamba umeshaikata." Sijui ni sifa au nini. Nimeichukua kama sifa.

Jumamosi, 16 Machi

Kidonge cha mwisho leo saa kumi na mbili jioni. Tumekifanyia sherehe. Yeye kavaa shati jipya, mimi gauni la siku ya pili ya harusi, tukasimama uani, akakimeza na nikapiga vigelegele. Mama mkwe kachungulia dirishani akatikisa kichwa, lakini alitabasamu, nimemwona!

Vilivyobaki kwenye pakiti, vinne, nimevifunga kwenye karatasi nimeviweka juu kabatini. Visionekane hata kimoja. Mimi si mtu wa kuvunja maagizo.

Ila nimekaa nafikiri. Tukiacha kila kitu siku tatu, na uvimbe ukarudi? Jumatano daktari anafungua bendeji, anakuta mkate ule ule, anasema rudini nyumbani. Halafu wiki ya tatu inapita. Halafu kiti cha uani.

Maji ya nanasi si kidonge. Ni tunda. Hakuna kadi inayomkataza mtu tunda.

Nimeongeza kidogo. Lita moja asubuhi, lita moja jioni, hizi siku tatu tu. Kushika pale tulipofika.

Jumatatu, 18 Machi

Uvimbe haujarudi. Uzi uko pale pale. Mungu ni mwema na nanasi ni zuri!

Milimita ananitania kwamba akifa waandike kwenye kaburi: alikunywa. Ulimi wake umechubuka, hawezi kula kitu chenye chumvi. Asubuhi alipopiga mswaki akatema nyekundu. Nikasema ni nanasi, linauma fizi. Akasema, "Mapenzi yako yana meno."

Alinyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, akajikata kidogo kidevuni. Tone tu. Lakini lilitoka, na kutoka, akabandika kipande cha karatasi, kikalowa, akabandika kingine. Kama robo saa hivi. Mama mkwe alipita akauliza, "Mwali, mbona leo foronya ina damu?" Nikasema kanyoa mwenyewe, Mama, na mkono wa kushoto hajauzoea. Akasema, "Damu yake haikuwa hivyo utotoni." Nikasema sasa anakula vizuri, damu imekuwa nyingi. Tukacheka.

Na begani pana alama ya bluu, kubwa kama sahani ya kikombe. Aligonga mlango, kidogo tu. Nilimbusu pale.

Sijui kwa nini nayaandika haya yote. Wenzangu walisema niandike raha.

Jumanne, 19 Machi

Kalazwa leo mchana. Kitanda namba kumi na moja, karibu na dirisha. Jambo la kwanza alilofanya ni kukagua kioo. Akasema kimewekwa na mtu mwenye haraka.

Asubuhi nilimpa maji yake. Alikunywa nusu tu, gari la jirani lilikuwa linangoja, wifi anapiga kelele nje, "Maharusi! Hospitali siyo sinema, haiwangojei!" Nusu iliyobaki nimeiweka kwenye begi langu, kwenye chupa. Ataimaliza akishaamka kesho, ili jeraha jipya lipone haraka. Nimeshapanga.

Saa tisa daktari alipita na kadi mkononi. Kamchukua damu kidogo ya kupima. Akauliza, "Vidonge vya njano mmeacha lini?"

"Jumamosi jioni, daktari," nikasema.

"Hamna dawa nyingine?"

"Hamna."

Milimita akanitazama. Alifungua mdomo kidogo. Halafu akaushika mkono wangu kwa ule mzima, akaubana, akamwambia daktari, "Mke wangu analinda maagizo kuliko askari." Daktari akacheka, akatia alama ya vema, akaenda kitanda namba kumi na mbili.

Nilimwuliza alitaka kusema nini. Akasema, "Hakuna. Nilitaka kukusifu, na nimekusifu."

Majibu ya damu yamekuja jioni. Wamesema ni mazuri. Unaona!

Asile wala asinywe kitu kuanzia saa mbili usiku. Nimeibandika karatasi hiyo mwenyewe ukutani.

Jumatano, 20 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi. Wamemwingiza. Alipokuwa anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu alipulizia pumzi kioo cha mlango na akaweka alama kwa kidole cha kushoto. Alama tu, nukta moja. Mlango ukafunguka ukaondoka nayo.

Wamesema itachukua saa mbili, au mbili na nusu. Tupo watatu kwenye benchi la korido. Mama mkwe, mimi, wifi. Mama ana vitambaa vyake anavyoshona. Wifi analalamika kwamba benchi limetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na makalio.

Saa tano na nusu. Bado.

Saa sita. Bado. Wifi hajasema kitu tangu saa tano. Wifi! Kimya!

Saa sita na robo. Nesi mmoja katoka mbio akarudi na mifuko miwili ya damu, akaingia. Hakututazama. Mama kaacha kushona.

Saa saba kasoro kumi. Wametuambia ndugu wachangie damu, ya kurudishia ile iliyotumika. Wifi kaenda wa kwanza, kisha mimi. Kijana wa mapokezi ya damu kasema weka kidole gumba hapa, tukusajili. Nikaweka. Bzzz. Akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa. Bzzz. Akasema, "Dada, unafanya kazi gani?" Nikasema nakata nanasi. Akakishika kidole changu akakigeuza kwenye taa. Akasema, "Hii kitu imekula mpaka imemaliza."

Nimerudi kwenye benchi nimekaa. Pamba bado ipo mkononi.

Hii kitu imekula mpaka imemaliza.

Lita moja asubuhi. Lita moja jioni. Fizi. Kidevu. Foronya. Bega. Nimeyaandika kwa mkono wangu, kurasa mbili tu nyuma, na nikayachekea. Nimerudi kusoma. Kila kitu kipo. Hata ile siku mpimaji aliponiambia linakula ulimi wako wakati wewe unalila, nimeiandika kwa furaha!

Vinafanya damu iwe nyepesi. Daktari alisema. Mimi niliandika. Na nikasema tumeelewana.

Sijui. Labda siyo hiyo. Labda ni mshipa tu. Mimi siyo daktari, mimi nina kidato cha nne na kinu.

Saa saba na robo. Nesi mkubwa katoka, kashusha barakoa kidevuni. Amesimama mbele yetu akasema taratibu, kama mtu anayehesabu maneno. Kano moja wameiunganisha. Ya pili wameipata lakini hawawezi kuishona. Mkono wanaufunga mkanda juu ili damu isije, na mkanda hauruhusiwi kukaa muda mrefu. Kila wakiulegeza, damu inavuja kila mahali, haigandi inavyopasa. Wanambana, wanangoja, wanaanza tena. Daktari anataka kujua kama kuna kitu alikuwa anatumia. Aspirini? Mitishamba? Kitu chochote cha kunywa? Akijua ni nini atajua la kufanya, na kama aendelee na kidole cha pili au afunge aache.

Wifi karuka juu. "Huyu? Huyu hata aspirini haijui! Siku zote hizi amekula mkononi mwa mke wake tu. Mke wake kamtunza kama yai, muulizeni mtu yeyote!"

Ndiyo mara ya kwanza ananitetea mbele za watu. Kanishika bega huku anasema.

Nesi kanitazama mimi. Nilifungua mdomo. Nikalibana begi langu kwapani. Akasema, "Kumbukeni vizuri, mniulizie hata nyumbani. Naenda kumwambia, narudi sasa hivi." Akaingia.

Kwa hiyo naandika. Sijui kwa nini naandika badala ya kukimbia nyuma yake. Mkono unaandika wenyewe. Walisema shida zitajiandika.

Nikisema, watajua wote. Wifi atautoa mkono wake begani. Mume wangu atajua, akiamka. Jana alijua au hakujua? Alifungua mdomo, halafu akanisifu.

Nisiposema, watafunga waache.

Nimefungua begi. Nimetoa chupa. Nimeiweka kwenye benchi, kati yangu na Mama. Imejaa nusu, na povu lake bado lipo juu, njano kabisa, kama kitu kilicho hai.

Wifi hajaiona, anaangalia mlango. Mama ameiona. Ameweka sindano yake chini. Ameigusa chupa kwa kidole kimoja, ameigeuza kidogo, ameangalia mikono yangu, ameangalia tena chupa.

"Hii nini, mwanangu?"

Mwanangu. Siku thelathini na sita, hajawahi kuniita hivyo.